Hujaji, Mvushaji na Mpaka

Wahenga walinena: tembea uone. Huko magharibi ya Ulaya, kwenye pwani inayopigwa na mawimbi ya Bahari ya Atlantiki, wako watu maelfu kwa maelfu ambao kila mwaka huutii usemi huo kwa miguu yao wenyewe. Huanza safari katika mji wa Porto, nchini Ureno, wakaandama ufuko kuelekea kaskazini. Huvuka mto ulio mpaka wa dola mbili, wakaingia Hispania, na baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 280 huwasili Santiago de Compostela, mji ambamo Wakatoliki wanaamini kwamba amezikwa Mtakatifu Yakobo, mmoja wa Mitume kumi na wawili. Wengine huenda peke yao. Wengine huenda kwa makundi, mbele yao yupo kiongozi ajuaye njia.

Pengine msomaji wetu wa visiwani atauliza: hija ya Wakristo wa Ulaya yatuhusu nini sisi? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Katika safari ile yamo mambo matatu ambayo watu wa pwani tunayajua kuliko watu wa bara, nayo ni ufuko, kivuko na mpaka. Kila siku inayopambazuka wapo ndugu zetu ambao riziki yao hutegemea mambo hayo matatu, na kila siku yapo mashauri ofisini yanayoyahusu. Kwa hiyo, si vibaya tukatazama jinsi wenzetu walivyoyatengeneza, tukachukua lililo jema na kuliacha lisilotufaa.

Hoja yetu ni hii. Njia ile haikudumu kwa imani ya mahujaji peke yake. Imedumu kwa sababu serikali za pande mbili zimekubali kutimiza wajibu mchache ulio wazi: kuuacha ufuko mikononi mwa umma, kurahisisha kivuko, na kumpa msafiri maskini mahali pa kulaza ubavu. Kisha chumo likaachwa litawanyike miongoni mwa wengi wanaoishi kando ya njia. Pale ambapo mojawapo ya mambo hayo limelegea, njia nayo imeumia.

NJIA YENYEWE

Hija ya Santiago ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja. Katika karne ya tisa, Askofu Teodomiro alitangaza kwamba kaburi la Mtakatifu Yakobo limeonekana, naye Mfalme Alfonso wa Pili wa Asturias akajenga kanisa juu yake. Habari zikaenea, watu wakamiminika. Mwaka 997, Al-Mansur, waziri mwenye nguvu wa dola ya Kiislamu ya Kordoba, aliuteka mji akaubomoa, ila kaburi lenyewe hakuligusa. Yasimuliwa kwamba kengele za kanisa zilichukuliwa mabegani mwa mateka Wakristo hadi Kordoba. Na mwaka 1236, Kordoba nayo ilipotekwa na Wakristo, zikarudishwa mabegani mwa mateka Waislamu.

Tunayataja haya kwa makusudi, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni Waislamu, nao wana haki ya kujua kwamba njia hii, ambayo leo ni ya amani, ilipita pia katika zama za panga. Ndani ya kanisa kuu la Santiago imo sanamu ya Yakobo juu ya farasi, akiwakanyaga Waislamu. Siku hizi miili ile iliyo chini ya kwato hufunikwa kwa maua. Watu waliojifunza kuona haya juu ya ukatili wa jana wamepiga hatua, hata kama hatua hiyo ni ya maua tu.

Hija hiyo ilififia kwa karne nyingi. Mwaka 1986, waliopewa hati ya kukamilisha safari hawakufika 3,000. Mwaka 2024 walikuwa karibu 500,000, na kati yao zaidi ya 70,000 walipitia njia hii ya pwani ya Ureno. Ongezeko kama hilo halikuja lenyewe. Lilianza na watu wachache wenye bidii. Mwaka 1984, padri mmoja wa kijiji cha mlimani cha O Cebreiro, jina lake Elías Valiña, alichukua rangi ya manjano ya kuchorea barabara, akaenda akichora mishale juu ya mawe, miti na kuta ili wageni wasipotee. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya likaitambua njia ya Santiago kuwa njia ya kwanza ya utamaduni wa bara lile. Leo mishale ya manjano ya padri yule, aliyefariki mwaka 1989, imeenea hata pwani ya Ureno. Kopo la rangi na mkono wa mtu mmoja vilifanya kazi ambayo mikutano mingi isingeifanya.

Msafiri atokaye Porto hupita Matosinhos, mji wa wavuvi na viwanda vya samaki, kisha huandama bahari. Mahali pengi hutembea juu ya madaraja ya mbao yaliyoinuliwa kidogo juu ya vilima vya mchanga, ili nyayo zisiue majani yanayoushika mchanga usipeperushwe. Hupita Vila do Conde, mji wa mafundi wa merikebu tangu zama zile Wareno walipokuwa wakiizunguka Afrika. Hata leo ipo pale merikebu iliyoundwa kwa kuiga zile za karne ya 16. Hupita Póvoa de Varzim na Esposende, akafika Viana do Castelo, ambako daraja la chuma la kampuni ya Gustave Eiffel limesimama juu ya Mto Lima tangu mwaka 1878.

Sisi hatuwezi kupita Vila do Conde bila kukumbuka. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakakaa humo mpaka walipotolewa na Waomani mwaka 1698. Walituachia maneno: meza, bendera, leso, mvinyo, karata. Walituachia na neno gereza. Kwao lilikuwa ni kanisa, kwetu likawa ni mahali pa kufungia watu; na tofauti hiyo yaeleza mengi kuliko kitabu kizima cha historia. Watu wale waliokuja kwetu kwa mizinga, bila kuulizwa cheti wala kuomba idhini, leo pwani yao imejaa wageni waendao kwa miguu na kuomba maji ya kunywa. Dunia huzunguka.

KIVUKO NA MPAKA

Mwisho wa pwani ya Ureno upande wa kaskazini ni mji mdogo wa Caminha, ulio kwenye mlango wa Mto Minho. Ng'ambo ni Hispania, na mji unaotazamana nao ni A Guarda, chini ya mlima wa Santa Trega. Mpaka wa Ureno na Hispania ni miongoni mwa mipaka mikongwe ya Ulaya. Sehemu yake kubwa iliafikiwa katika mkataba wa Alcañices wa mwaka 1297. Kando ya mto huo zipo ngome zinazotazamana, Valença upande mmoja na Tui upande wa pili, kwa kuwa mataifa haya mawili yalipigana mara nyingi. Hata saa zao hazipatani: ikiwa saa nne asubuhi Caminha, A Guarda ni saa tano.

Hata hivyo, hujaji wa leo avukapo hapo haulizwi kitu. Nchi zote mbili ziliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1986, na mwezi Machi 1995 ukaguzi wa pasipoti mipakani mwao ukaondolewa. Linalomzuia mtu leo ni maji. Kwa miaka mingi palikuwa na pantoni ya kuvusha watu na magari, lakini mchanga huujaza mlango wa mto, na pantoni mara nyingi ilikwama au kusimamishwa. Hivyo wenye mashua ndogo za injini wameshika kazi. Huwavusha mahujaji wachache wachache, wakitazama maji kujaa na kupwa na wakipima upepo. Bahari ikichafuka, hawaendi. Na msafiri hana budi kupanda juu kando ya mto hadi daraja la Vila Nova de Cerveira, lililofunguliwa mwaka 2004 na kuitwa Daraja la Urafiki, au aende mbele zaidi hadi daraja kongwe la Valença.

Msomaji wa kisiwani ataona mara moja kwamba hapa ndipo penye roho ya safari nzima. Asiyevuka hakufika. Na mvushaji ni mtu mwenye madaraka makubwa juu ya maisha ya mwenziwe, hata akiwa mnyonge kwa cheo. Jambo hili lilijulikana zamani. Katika karne ya 12 kiliandikwa kitabu cha kuwaongoza mahujaji wa Santiago, ambacho ni sehemu ya mkusanyo uitwao Codex Calixtinus. Mwandishi wake anawalaani vikali wavushaji wa mto mmoja wa Ufaransa: walitoza nauli kubwa, wakapakia watu kupita kiasi katika mtumbwi, na chombo kilipopinduka wakachukua mali za waliokufa maji. Karne tisa zimepita, na onyo hilo halijachakaa. Sisi tuliozika watu wa MV Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Skagit mwaka 2012 hatuhitaji kufasiriwa maneno yale.

Lipo funzo jingine katika mto huo. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoenea, serikali mbili ziliufunga mpaka ghafla. Katika bonde zima la Minho kiliachwa kivuko kimoja tu, cha Valença na Tui, kwa ajili ya wafanyakazi na mizigo. Watu waliozoea kuvuka kwenda kazini, sokoni na kwa jamaa zao wakawa wanazunguka mwendo mrefu. Mameya wa kingo zote mbili walilalamika kwa sauti moja, na mpaka haukufunguliwa hadi tarehe 1 Julai 2020. Inafaa kuangaliwa kwamba tangu mwaka 2018 kingo hizo mbili zilikuwa zimeunda chombo cha pamoja cha kushughulikia mambo ya mto wao. Kwa hiyo, shida ilipozuka, walikuwa na mahali pa kusemea. Wananchi wa mpakani wasiokuwa na mahali pa kusemea huumia kimya kimya, nayo makao makuu hayajui.

UFUKO NI WA NANI?

Akiisha kuvuka, hujaji huendelea kando ya bahari ya Galicia. Hupita Oia, ambako nyumba ya watawa iliyojengwa katika karne ya 12 imeelekea mawimbi uso kwa uso. Hufika Baiona, bandari iliyopokea habari za safari ya Columbus pale meli ya Pinta ilipotia nanga mwezi Machi 1493. Kisha hufika Vigo, mji mkubwa wa uvuvi, na baada yake Redondela, ambako njia ya pwani huungana na njia ya bara kuelekea Pontevedra, Padrón na Santiago.

Safari hii yote isingewezekana kama kila mwenye shamba au hoteli angejenga ukuta wake hadi majini. Ureno iliutangaza ufuko kuwa mali ya umma kwa amri ya mwaka 1864. Hispania, baada ya kuona pwani zake nyingi zikimezwa na majumba ya kitalii, ilitunga Sheria ya Pwani ya mwaka 1988. Sheria hiyo yasema kwamba ukanda wa meta 6 kutoka ukingo wa bahari kuingia nchi kavu lazima uachwe wazi kwa waendao kwa miguu, na kwamba ardhi ya meta 100 haijengwi ovyo, isipokuwa katika miji iliyokwisha jengwa ambako masharti ni mepesi zaidi. Si kwamba sheria hiyo haivunjwi. Imevunjwa, na imeleta kesi nyingi. Lakini ipo, imeandikwa, na mwananchi asiye na kitu anaweza kuinyoshea kidole.

Mbele ya Vigo, baharini, vipo Visiwa vya Cíes. Hujaji huviona akiwa njiani. Vimekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2002, na wakati wa kiangazi wageni wa siku moja huwekewa kikomo cha watu 1,800 kwa siku, nao hawana budi kupata kibali kabla ya kupanda chombo. Wenye maboti wangependa kupeleka zaidi. Mapato yangekuwa makubwa zaidi kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini kisiwa si gunia ambalo mtu hulishindilia mpaka lipasuke. Wenye kisiwa wanajua idadi ya maji yake, idadi ya vyoo vyake na nguvu ya mchanga wake.

MUHURI NA KITANDA

Kila hujaji hubeba hati ndogo ya kukunja. Kila alalapo au apumzikapo hugongewa muhuri: kanisani, dukani, mkahawani, hata katika ofisi ya halmashauri. Afikapo Santiago, akionyesha kwamba amekwenda kwa miguu kilomita 100 za mwisho bila kukatiza, hupewa cheti. Hati hiyo si pasipoti wala si kibali cha serikali, lakini hufanya kazi ambayo hati nyingi za serikali zimeshindwa kuifanya: humtambulisha msafiri kwa mwenyeji, na humpitisha mgeni katika vijiji vidogo ambavyo gari lingevipita mbio. Kila muhuri ni kikombe cha kahawa kilichonunuliwa, au mkate, au usiku mmoja wa malazi.

Malazi nayo yamepangwa kwa hekima. Serikali ya jimbo la Galicia inazo nyumba za mahujaji ambako kitanda hulipiwa kiasi cha Euro 10. Hakuna kuwekeana nafasi. Atanguliaye ndiye apataye. Hakuna kukaa zaidi ya usiku mmoja, ila kwa mgonjwa. Tajiri na maskini hulala ukumbi mmoja na hupiga foleni moja ya bafu. Kando ya nyumba hizo wenyeji nao wana nyumba zao za kulaza wageni, ghali kidogo na nzuri kidogo, na hakuna ampingaye mwenzake. Serikali haikuua biashara ya mwananchi. Iliweka tu sakafu ambayo maskini hashuki chini yake.

KIONGOZI NA CHUMO

Sasa tuje kwenye makundi yenye viongozi, maana hapa ndipo penye ubishi. Yako makampuni ambayo huchukua fedha za wageni kabla hawajatoka makwao. Kiongozi hutembea nao, gari huwachukulia mizigo, hoteli imekwisha lipiwa, na chakula kimekwisha agizwa. Wapo wasemao kwamba hiyo si hija bali ni matembezi. Kwamba hujaji wa kweli hubeba mzigo wake mgongoni na hajui usiku atalala wapi.

Sisi hatukubali hukumu hiyo kijumla. Kuongozwa hakupunguzi imani. Waendao Makka tangu zamani wamekuwa na mutawwifu wa kuwaonyesha taratibu, na hakuna aliyesema kwamba hija yao imepungua. Mzee wa miaka sabini, mwanamke anayesafiri peke yake, mgeni asiyejua lugha wala hali ya maji ya Minho, wote hao wana haja na kiongozi. Mwenda pole hajikwai, lakini mwenda na ajuaye njia hajikwai zaidi.

Swali letu ni jingine: kiongozi huyo ni wa nani, na fedha hulala wapi? Akiwa ni mzaliwa wa Caminha au Oia, ajuaye jina la mvushaji na la mwoka mikate, basi kundi lake ni neema kwa kijiji. Akiwa ni mtu wa mbali anayewapitisha wageni kama kondoo, wakala chakula kilicholetwa na gari na kulala katika hoteli ya kampuni ileile, basi kijiji hupata vumbi na makelele tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji huponaje ikiwa mgeni amekwisha maliza fedha zake kabla ya kufika?

Huko Santiago kwenyewe dalili za maradhi zimeanza kuonekana. Wakazi wa mji wa kale wanalalamika kwamba nyumba za kupanga zimegeuzwa za wageni, kodi zimepanda, na makundi makubwa hupita asubuhi wakiimba kwa kipaza sauti. Mwaka 2025 halmashauri ya mji ikaanza kutoza ushuru kwa kila usiku mgeni alalao. Wengine wanasema ushuru huo ni mdogo mno, wengine wanasema ungekuja mapema. Sisi tunasema kwamba mji uliofurahia wageni 3,000 haukuwa na sababu ya kutojiuliza utafanyaje watakapokuwa 500,000. Wakati wa kulitengeneza jahazi ni likiwa juu ya magogo, si likiwa katikati ya mkondo.

YATUPASAYO

Tukirudi kwetu, yako mambo manne ambayo tungependa viongozi wanaohusika wayafikirie.

La kwanza ni ufuko. Sheria ya Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 za ukingo wa bahari. Hiyo ni sheria njema. Lakini sheria iliyoandikwa na isiyosimamiwa ni kama chombo kisicho na nanga. Katika mwambao wa mashariki wa Unguja, akina mama wamelima mwani tangu mwaka 1989, na barabara yao ya kwendea shamba ni ufuko wenyewe. Wachokoa pweza na wachukua dagaa wana njia hiyo hiyo. Mahali popote ambapo mlinzi wa hoteli anamwambia mwanakijiji azunguke nyuma ya ukuta, hapo umma umenyang'anywa njia, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa saini. Tunataka njia ya miguu ya ufukweni itambuliwe, ipimwe na iwekewe alama, kama walivyofanya wenzetu kwa meta 6 zao.

La pili ni kivuko. Nauli ibandikwe mahali pa kuonekana, idadi ya abiria iandikwe ubavuni mwa chombo, na ofisa wa bandarini awe na nguvu ya kusema "hatung'oi nanga" bila kuogopa simu ya mkubwa. Wavushaji wa Caminha hukaa bandarini bahari ikichafuka, na hakuna awaonaye kuwa wavivu.

La tatu ni mpaka. Watu wa Pemba, Wasini, Vanga, Jimbo na Moa walikuwa majirani kabla haijachorwa ramani. Wavuvi wa Kipemba wamepiga dago pwani ya Kenya vizazi na vizazi. Na ilikuwa mwaka 2023 tu ndipo Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba waishio nchini humo kuwa raia, baada ya miaka mingi ya kukaa bila kitambulisho. Katika makubaliano ya mpaka wa baharini ya mwaka 1975 na 1976, Kenya na Tanzania ziliruhusu wavuvi wenyeji wanaovua kwa ajili ya chakula chao wavue ndani ya maili 12 za bahari kila upande wa mstari, kwa kufuata kanuni zilizopo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu tarehe 1 Julai 2010. Kwa hiyo, msingi upo. Linalokosekana ni njia nyepesi: hati ndogo, ya bei nafuu, ambayo mvuvi au msafiri wa mwambao ataipata katika bandari ndogo iliyo karibu naye, akagongewa muhuri atokapo na aingiapo, bila kulazimika kwanza kusafiri hadi mji mkubwa. Kama hati ya kukunja inaweza kumpitisha hujaji vijiji vya nchi mbili, hatuoni kwa nini kitabu kidogo kisimpitishe mvuvi bandari za nchi mbili zilizo marafiki.

La nne ni viongozi wa wageni. Sisi pia tunao wageni wa dini na wa desturi. Wenyeji wa Lamu, ambao kila mwaka hupokea umati wa watu wa Maulidi kutoka ndani na nje ya Kenya, wanajua kukirimu kuliko shule yoyote ya hoteli. Ujuzi huo usiachwe uporwe. Leseni ya kuongoza wageni katika kisiwa ianze kwa vijana wa kisiwa hicho. Masheha na kamati za vijiji wajue ni kundi gani linapita na linaacha nini. Na idadi ya wageni katika visiwa vidogo iwekewe kikomo mapema, kabla visima havijaingia chumvi.

Hatusemi kwamba tuige kila kitu. Ulaya ina fedha ambazo sisi hatuna, na bahari yetu ina tabia zake. Lakini kati ya mambo tuliyoyataja, yaliyo mengi hayahitaji fedha nyingi. Mishale ya padri wa O Cebreiro ilihitaji kopo la rangi. Ufuko wazi wahitaji serikali isiyoogopa ukuta wa tajiri. Mpaka mwepesi wahitaji meza moja, kalamu, muhuri, na ofisa mwenye adabu aliyekaa karibu na maji.

Watumishi wa serikali wanaosoma safu hii wanajua ni mafaili gani yaliyo mezani mwao. Wananchi wa visiwani nao wanajua ni njia zipi za ufukweni zilizokwisha fungwa na ni zipi ambazo bado zapitika. Tunawaomba hao wa pili waziandike kwa majina, shehia kwa shehia, na kuzipeleka kwa hao wa kwanza. Njia ambayo haipitwi huota majani. Na njia ambayo haina wa kuitetea huota ukuta.